Ngozi ya Ng'ombe wa Urafiki

Simu ya msiba ilinikuta jikoni kwangu hapa Maswa, nachambua mchele wa mchana. Masanja, mtoto wa kwanza wa Mzee Nkwabi, hakuzunguka. Alinisalimia, nikaitikia, akasema mzee ametutoka na wanazika kesho kutwa, kwao Bukundi. Nikakaa juu ya ndoo. Huko mbele wateja walikuwa wanaita chai, na kwenye televisheni ninayowawekea wasichoke kusubiri, viongozi walikuwa wanashikana mikono mbele ya bendera mbili. Mtangazaji alikuwa anasema uhusiano wa kidiplomasia na kiuchumi kati ya nchi yetu na nchi ile rafiki unazidi kuimarika. Nchi yenyewe sitaitaja. Sina ugomvi nayo, watu wake niliowajua walikuwa wapole kuliko wengi wetu, na aliyetuumiza zaidi alikuwa wa kwetu. Nilimwambia msichana wangu wa kazi azime televisheni. Akauliza kama imeharibika. Nikamwambia ndiyo.

Mwaka ninaotaka kuusema, mkoa wetu ulikuwa mchanga bado. Bariadi ilikuwa inanuka rangi mbichi na saruji. Kila nyumba yenye choo cha ndani ilikuwa imeshapangishwa na ofisi fulani, na kila kijana aliyemaliza kidato cha nne alikuwa anatembea na bahasha ya vyeti kwapani. Mimi nilipata kazi kwenye nyumba ya mradi wa ng'ombe wa maziwa, mradi wa urafiki wa nchi mbili, kwa sababu nilijua kupika, Kiingereza changu kilitosha, na Kisukuma ndiyo lugha ya nyumbani. Siku za kawaida nilikuwa mpishi. Wakienda vijijini nikawa mkalimani, kwa mshahara uleule wa mpishi. Sikulalamika. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nalala kwenye chumba chenye feni, na nilijiona nimefika.

Nyumba yenyewe bado naiona chumba kwa chumba. Sebule ilikuwa na makochi ya manyoya, jamani, manyoya kwenye joto la Bariadi, ukikaa unanyanyuka umelowa. Mezani kulikuwa na bendera mbili ndogo za kusimama, na kila nilipofuta vumbi niliambiwa nihakikishe hakuna iliyo mbele ya mwenzake. Ukutani palining'inia ramani ya mkoa yenye pini nyekundu, kila pini ng'ombe mmoja. Jikoni kulikuwa na friji mbili, moja ya chakula na moja ya dawa za ng'ombe, na umeme ukikatika iliyokimbiliwa kwanza na jenereta ni ya dawa. Daktari ndiye aliyetaka hivyo. Daktari alikuwa mgeni, mganga wa mifugo aliyetumwa na nchi yake. Jina lake lilikuwa refu, likatushinda wote, tukabaki na Daktari. Mwanzoni alikuwa anakula mayai na mkate tu, asubuhi mayai, jioni mayai. Nikamwonea huruma. Siku moja nikampa matobolwa, yale mapande ya viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, na tangu hapo akawa anatembea nayo mfukoni, anatafuna kama mtoto wa Kisukuma aliyepelekwa kuchunga.

Mwingine alikuwa Mratibu. Huyu alikuwa Mtanzania mwenzetu aliyeletwa kutoka Dar, kijana mtanashati wa marashi na mashati yasiyokunjamana. Hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa, niseme ukweli. Mama yangu alipoumwa alinipa ruhusa na nauli. Lakini alikuwa na hofu moja, kwamba huko juu watasikia mradi hauendi, na hofu hiyo ndiyo ilikuwa inamwamsha na kumlaza. Mezani walizungumza Kiingereza wakidhani mimi naelewa neno la chumvi na la maji tu. Daktari alikuwa anasema kila siku kwamba ng'ombe hawa wa kwao hawana kinga ya kupe wa huku, kwamba Meatu ni kukavu na kuna kupe, kwamba wangeanza na wachache hapa mjini waone kwanza. Mratibu alikuwa anamjibu kwa upole, huku anamwongezea mchuzi, kwamba awamu ya pili inakuja, balozi mwenyewe atakuja kusaini, na tukianza kulia sasa fedha zitapelekwa nchi nyingine. Daktari alikuwa anarudi kwenye sahani yake. Naye alikuwa na wakubwa zake.

Ng'ombe waligawiwa mwanzo wa mvua. Bukundi, huko Meatu, tulifika na lori na magari mawili, turubai limeshafungwa, ngoma zinalia. Mratibu alihutubia kwa Kiswahili na mimi nikageuza kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee na akina mama. Alisema ng'ombe hawa ni zawadi ya urafiki kutoka kwa nchi rafiki. Halafu akaweka masharti. Utamtunza vizuri. Maziwa ni yako na samadi ni yako. Hutamuuza, hutamchinja. Asiguswe na dawa ya mtu yeyote ila Daktari. Akizaa jike, ndama wa kwanza anarudi mradini. Nilipokuwa nageuza masharti hayo niliona wazee wanatikisa vichwa kwa kuridhika, wanatazamana, na mimi nikafurahi kwamba nimefanya kazi yangu vizuri. Aliyesimama kuuliza alikuwa mmoja tu, Mzee Nkwabi, mrefu, mwembamba, amevaa koti lake la kanisani. Aliuliza mwenye ng'ombe ni yupi hapa. Mratibu akacheka kwa fahari, akamshika Daktari bega, akasema ni huyu hapa, amewatoa kwao mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Mzee Nkwabi akamtazama Daktari usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka asije akamsahau, kisha akaenda kupokea kamba.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, nieleze. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi, au mwalimu, au nesi asiye na mahali pa kuchungia, humwekesha ng'ombe kwa mtu anayemwamini. Anayewekeshwa anakunywa maziwa, anatumia samadi, lakini hauzi, hachinji, na ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, aliyewekeshwa hagusi nyama mpaka mwenyewe ajue, na ngozi anaipeleka kwa mwenyewe kwa mikono yake, mbele ya watu, ili isije ikasemwa aliuza au alikula. Mwenyewe akiipokea, basi, yamekwisha, na watu wanakula pamoja. Mzee Nkwabi ndiye aliyekuwa mtu wa kuwekeshwa ng'ombe katika eneo lile lote. Boma lake lilikuwa limejaa, ng'ombe wake mwenyewe wachache, wa watu wengi. Rafiki yake wa tangu ujana, Mzee Sayi, alikuwa amemwekea karibu kundi lake zima na alikuwa anapita mara moja moja tu, kusalimia, si kukagua. Nkwabi hakuwa na cheo wala duka. Kuaminiwa huko ndiko kulikuwa jina lake.

Mchana ule tulikula kwake. Mama Holo, mkewe, alituletea ugali wa mtama na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na mlenda kwa ajili yangu kwa sababu nilisema nimeukosa mjini. Ndani kulikuwa na giza la baridi lenye harufu ya moshi na samli. Ngozi mbili zilikuwa zimening'inizwa kwenye mti wa paa, na nilipouliza, Mzee Nkwabi akasema mwenyewe yuko Mwanza, zinamsubiri arudi azipokee mbele ya watu. Nilikuwa nakula huku nacheka naye. Nikamwambia, baba, hawa wa leo si wa kuwekeshwa, hawa mmepewa, nimesema mwenyewe kwa mdomo wangu. Akanimiminia maziwa mengine.

"Nilikusikia, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Lakini kitu ulichopewa huambiwi usikiuze."

Nilicheka. Alikuwa amesema kweli, na sikuona ubaya wake. Mtu akimtunza ng'ombe wa urafiki kama ng'ombe wa mwenzake, si ndivyo atakavyomtunza vizuri zaidi? Hata leo najiuliza nani angeona hatari pale, kwenye ugali na maziwa. Yule ng'ombe mwenyewe, mweupe mwenye mabaka meusi, alikuwa amefungwa chini ya kivuli peke yake, anapewa maji kwa ndoo, na wajukuu walikuwa wanamtoa kupe mmoja mmoja kwa vidole.

Mvua zilipoisha ng'ombe wa mradi wakaanza kufa. Pini zilikuwa bado ukutani, hakuna aliyezitoa. Daktari alikuwa anarudi vijijini akiwa na macho mekundu, hali chakula, anaweka matobolwa yake mezani na kuyatazama. Halafu wakamwita Dar akasaidie maandalizi ya ziara ya balozi, akakaa huko wiki nzima na zaidi. Ndipo ng'ombe wa Mzee Nkwabi alipovimba tezi chini ya masikio na kuanza kutoa povu puani. Mzee alipanda basi akaja Bariadi, akasimama barazani kofia mkononi, akamwomba Mratibu aje yeye au ampe ruhusa bwana mifugo wa kata amchome sindano. Mratibu alikuwa na simu sikioni. Akamwambia masharti anayajua, amsubiri Daktari. Mzee akaondoka bila kunung'unika. Kwake jibu lile lilikuwa sahihi kabisa, mwenye ng'ombe hayupo na mwakilishi wake amesema asubiriwe. Mimi nilimfungia chapati za njiani. Wanawe walimwambia huko nyumbani mchome sindano huyu mnyama, nani atajua, na akawajibu kwamba mkono wake haujawahi kuingia kwenye mali ya mtu bila mwenyewe kujua, hautaanza kwa mgeni aliyetoka mbali hivyo.

Ng'ombe alikufa. Mzee akamchuna, akaacha sikio moja kwenye ngozi pamoja na hereni yake ya njano ya mradi. Nyama akaizika nyuma ya boma bila kuwaita majirani. Ukiwaita majirani wanakuja na visu na sufuria, na nyama haikuwa yake ya kugawa. Alifanya hivyo kwa uaminifu, na hilo ndilo lililokuja kummaliza.

Siku ya kusaini, ua wa nyumba yetu ulifungwa maturubai meupe. Nilikuwa na wanawake wa kunisaidia, tumeamka alfajiri. Sato wa kutoka Kalemela, wali wa Maswa, kuku, mbuzi, kachumbari kwenye mabeseni. Balozi alikuwepo, na viongozi, na waandishi wenye kamera. Hotuba zilikuwa ndefu. Walisema nchi zetu mbili ni ndugu. Walisema ushirikiano sasa unapanuka kutoka maziwa kwenda kwenye pamba, nyama na ngozi. Walipokaa kula, nikasikia mtu anabisha hodi taratibu mlango wa nyuma wa jikoni. Alikuwa Mzee Nkwabi, koti la kanisani, viatu vimefutwa, na miguuni pake mzigo uliofungwa kwa kamba ya katani. Nilijua ni nini kabla hajasema, kwa harufu. Nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola."

Akauliza kama mwenyewe yupo. Nikamwambia yupo, lakini wanakula, ana wageni wakubwa, akae kwanza nimpe chai. Uso wake ukafunguka. Akasema ndiyo vizuri zaidi, wakubwa zake wakiwepo ni mashahidi, hakuna atakayesema ngozi haikufika. Nikamwomba asubiri nikamnong'oneze Daktari. Nilikuwa nimeshafika mezani, nimeinama sikioni kwa Daktari, niliposikia meza nzima imenyamaza. Nikageuka. Mzee alikuwa amenifuata. Kwake hakukuwa na sababu ya kujificha, jambo lenyewe linataka watu. Alivua viatu pembeni ya zulia jekundu, akafungua kamba, akatandaza ngozi kwenye nyasi mbele ya meza kuu, sikio lenye hereni likaelekea kwa Daktari. Kisha akachuchumaa, akapiga makofi ya heshima, yale ya taratibu.

"Ng'ombe wako alinifia mkononi," akasema kwa Kisukuma. "Ngozi yake hii hapa. Nyama sikula."

Nzi walikuwa wengi. Mama mmoja wa wageni alijifunika pua kwa kitambaa. Nikayageuza maneno yale kwa Kiingereza, kwa sauti, yote kama yalivyo, na nikaongeza kwamba ni heshima, kwamba kwetu ndivyo inavyofanywa, anachotaka ni neno moja tu, la kwamba imepokelewa. Daktari alinyanyuka nusu kwenye kiti. Nilimwona. Alikuwa ameielewa ile hereni, na nadhani alikuwa ameanza kumwelewa yule mzee. Halafu akamtazama balozi wake, akakaa. Mratibu alikuwa ameshafika, jasho limemlowesha kola. Hakuona ngozi ya ng'ombe mmoja. Aliona kamera, na ng'ombe wote waliokufa wametandazwa mbele ya balozi. Alimwinamia mzee akamuuliza kwa Kiswahili, meno yamekazwa, "Nani amekutuma?"

Mzee akamjibu kwa ukweli kwamba hajatumwa, amekuja mwenyewe, kwa sababu ngozi haitumwi mtu. Wakamshika mikono. Mratibu alimgeukia balozi akasema kwa Kiingereza ni mzee mgonjwa wa akili. Nikasema kwa sauti kwamba si kweli. Balozi alinitazama, akatazama sahani yake. Walipokuwa wanamtoa, mzee alikuwa haangalii waliomshika, alikuwa amegeuza shingo anamwangalia Daktari, anasubiri. Alisubiri mpaka alipofika getini, akapakiwa kwenye gari la polisi. Ngozi ilikokotwa na walinzi hadi shimo la taka nyuma ya ua, na jioni, baada ya wageni kuondoka, ilichomwa pamoja na sahani za karatasi na mifupa ya kuku. Ilipokuwa inakokotwa niliishika, nikaomba waniachie, hata sikio tu. Waliniambia ninuse kwanza.

Nilikwenda kwa Daktari chumbani kwake. Alikuwa amekaa kitandani, viatu miguuni, koti la suti limekunjwa mapajani. Nikamweleza yote tangu mwanzo, kuwekeshwa ng'ombe, nyama kuzikwa, ngozi kupokelewa, nikamwambia twende tu wote wawili hadi pale alipofungiwa, umwambie umepokea, itakuchukua dakika moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, sitamsingizia. Akasema yeye ni mgeni katika nchi hii, kwamba hilo ni jambo la ndani, na kwamba ameagizwa asiseme lolote kuhusu ng'ombe mpaka balozi atakapokuwa ameondoka. Nilimchukia siku ile kuliko nilivyomchukia Mratibu. Mratibu alikuwa hajui alichokuwa anakataa. Huyu alijua.

Kule alikofungiwa nilikuwa napeleka chakula. Kwanza polisi walisema ni uchochezi. Baadaye, walipoona mzee hana chama wala kundi, ikawa ni upotevu wa mali ya mradi, kwa sababu masharti yalisema ng'ombe asichinjwe, na hakuna aliyemwona akifa. Ngozi? Ngozi ipi? Haikuwepo tena. Kila nilipofika alikuwa ananiuliza jambo lilelile, kama mwenyewe ameshapokea. Hakuuliza atatoka lini. Masanja na wadogo zake walihangaika, na mwishowe wakaambiwa walipe ng'ombe kwa ng'ombe yaishe. Mzee alikataa. Alisema asiye na kosa hupeleka ngozi, anayelipa ng'ombe ni yule aliyekula, na akilipa atakuwa amejitangaza mwenyewe. Wanawe walimtazama alivyokuwa anakohoa kwenye sakafu ile, wakamswaga ng'ombe wao bora bila kumwambia.

Ng'ombe huyo alifungwa nyuma ya jiko langu. Nilimpa maji na maganda ya ndizi, na sikuweza kumwangalia machoni. Mzee alitoka siku hiyohiyo. Aliletwa mradini kwa Mratibu, akapitishwa njia ya nyuma, akamwona ng'ombe wake amefungwa pale, akamtambua. Alisimama. Nilimwona anazeeka nimesimama naye. Mratibu alikuwa ameshalimaliza jambo lile kichwani mwake, akampa hata mkono. Baada ya siku chache Daktari aliitwa kwao, wakaandaa chakula cha kumuaga, na asubuhi nikaletewa beseni la nyama mbichi, bado ina joto. Nyuma ya jikoni kamba ilikuwa haina kitu. Nikavua aproni, nikaikunja, nikaiweka juu ya friji ya dawa, nikatoka na begi langu. Kilichofuata ni kile kinachofuata siku zote. Ikasemwa nilifukuzwa kwa kuiba mafuta ya kupikia.

Mwisho wa mwaka ule nilikwenda Bukundi. Habari zilikuwa zimenitangulia. Mratibu alikuwa amefanya mkutano kijijini kuwatuliza waliobaki na ng'ombe, akasema wazi kwamba aliyepoteza wa kwake ameshalipa, na wengine wajifunze. Hakuhitaji kusema zaidi. Kijiji kizima kilijua maana ya kulipa. Wakakumbuka nyama iliyozikwa ambayo hakuna aliyeiona, wakasema kumbe. Mimi nilisema nyumba kwa nyumba kwamba ngozi niliiona, niliishika. Walinipa kiti, walinipa maji, wakaniuliza kwa adabu kama kweli nilifukuzwa. Mzee Sayi hata kiti hakunipa. Alisema mimi na yule mzee tumepikwa chungu kimoja kule nyumba ya mradi, nitasema nini kingine?

Nilikuwepo siku Mzee Sayi alipokuja kuchukua ng'ombe wake. Alikuja na vijana wake, hakuingia ndani. Mzee Nkwabi aliwatoa mmoja mmoja bomani, akimtaja kila mmoja kwa rangi yake, mama yake, na ndama aliozaa, na mwisho akaleta ngozi moja ya ng'ombe wa Sayi mwenyewe, iliyokuwa bado inamsubiri, akamkabidhi kwa mikono miwili. Sayi akaipokea. Hawakutazamana. Baada ya Sayi wakaja wengine, na baada ya hapo wengine, mpaka boma likabaki miiba na mavi makavu. Mama Holo alianza kununua maziwa kwa jirani, kikombe kimoja kimoja. Mzee alikuwa anakaa mlangoni mwa boma asubuhi kama kawaida, fimbo mkononi, na saa ya kutoa ng'ombe ikifika alikuwa ananyanyuka, anaondoa miiba ya mlango, halafu anasimama. Nilikaa nao siku kadhaa. Nilishindwa, nikaondoka. Miaka yote hii nilikuwa napeleka mchele na sukari sikukuu, na hatukulizungumza tena hata mara moja. Alikuwa ananiuliza biashara, ananiuliza watoto. Mara moja tu aliniuliza kama najua wenzetu wale wamerudi kwao wote, nikamwambia ndiyo, akasema mbali sana.

Tulimzika juzi. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, kifo kinakusanya. Mzee Sayi alikuwepo, sasa anatembelea fimbo mbili, amekaa nyuma kabisa. Baada ya kaburi kufukiwa, msemaji wa familia alisimama akatangaza kama inavyotangazwa kwenye kila msiba, kwamba kama kuna mtu alikuwa anamdai marehemu, au marehemu alikuwa anamdai, ajitokeze aione familia. Huwa hakuna anayenyanyuka. Watu hukohoa, wanapangusa magoti, wanasubiri ugali. Nikajikuta nimesimama.

Nikasema mimi ni Minza, wengine mnanijua. Nikasema marehemu hadaiwi. Marehemu anadai ng'ombe mmoja, alilipishwa na nyama hakula. Msemaji akaniuliza anamdai nani. Nikajibu kwamba anazidai nchi mbili, yetu na ile nyingine, na kwamba ngozi alipeleka, ilitandazwa mbele ya balozi, na mimi niliyatafsiri maneno yake kwa mdomo huu. Kijana mmoja akacheka kidogo. Masanja alinivuta kanga akaniambia kwa upole, dada Minza, kaa. Msemaji akasema hilo familia italiangalia, akawaomba akina mama walete maji ya kunawa.

Nilikuwa nimekaa peke yangu karibu na masufuria, sahani mkononi, Mzee Sayi alipokuja. Ilimchukua muda kufika. Hakunisalimia.

"Uliiona kwa macho yako?" akauliza.

"Niliiona, baba. Na niliishika ikiwa inakokotwa. Niliwaambia mwaka uleule."

"Uliniambia," akasema.

Akabaki amesimama. Mtu alimletea sahani yake, ugali na nyama ya msiba, akaipokea, akaitazama, akamrudishia. Halafu akageuka na fimbo zake mbili, akapita katikati ya watu waliokuwa wanakula, akaenda hadi kwenye udongo mbichi wa kaburi, akachuchumaa kwa shida, akaanza kupiga makofi ya taratibu, yaleyale aliyopiga Nkwabi mbele ya ngozi.